Ukurasa Uliommeza Nyanya

Tovuti ile ya kuandikia naichukia hadi leo. Nyanya alipofariki nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake, kwani mjukuu anayeandika riwaya, walisema, hakosi maneno. Nilikuwa nayo, tena yake mwenyewe: sauti ndefu niliyomrekodi kwa simu, akisimulia alivyokata miwa akiwa na mimba ya baba yangu, na kabla ya hapo alivyomtoroka mume wa kwanza kutoka Likuyani, kwa miguu, na alichomwambia mlangoni akiondoka.

Niliketi nyuma ya jiko nikamsikiliza, nikaandika kwenye ile tovuti. Kila simu ya pole ilipoingia, ukurasa ulijifungua upya na kula aya mbili. Kuzima simu singeweza. Kwetu, simu isiyopokelewa wakati wa msiba ni mlango uliofungiwa wageni.

Binamu yangu anayesomea kilimo Bukura alinicheka. "Mwandishi mzima unaandikia kwa brauza? Weka apu yao, bana. Hiyo tovuti wameiharibu makusudi ndio uingie apu."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Nilipogusa ukurasa tu, kibao kilichomoza kuniambia mambo ni rahisi zaidi ndani ya apu. Nayo apu ilitaka nafasi ambayo simu yangu haikuwa nayo.

"Futa kitu," binamu akasema.

"Kikubwa humu ni sauti ya kukhu," nikamjibu, yaani ile rekodi ya nyanya.

"Si ushaiandika yote? Ya nini tena?"

Nikaifuta. Apu ikaingia polepole, ikanikaribisha kwa ukurasa mweupe. Nikarudi kwenye brauza kunakili maandishi yangu. Kabla kidole hakijagusa, shangazi akapiga kutoka Lubao kuuliza kama hema limefika. Nilimjibu kwa adabu. Nilipokata simu, ukurasa ulikuwa umejifungua upya, mtupu, na mshale ukipepesa pale juu kama jicho la mtu asiye na haya.

Siku ya mazishi nilisoma nilichokumbuka. Watoto niliwataja wote, na wakwe. Watu walipoanza kutawanyika, shangazi alinishika mkono.

"Umeacha ile ya Likuyani. Mama alimwambia nini yule mzee pale mlangoni? Wewe ndiye alikusimulia."

Maana niliikumbuka. Maneno yenyewe, katika Kiluhya chake, hayakuja.

"Nimesahau, senge."

Akauachia mkono wangu. Mfukoni simu ikatetemeka: apu ilikuwa ikiniuliza kama ningependa kuendelea kuandika.