Magita Kwenye Mnada wa Verlyn

Dalali alifungua mdomo, akapunga mkono, akanyoosha kidole kwa huyu na yule. Uwanja umejaa watu. Hakuna aliyesikia neno.

Tulaumuni sisi.

Ilikuwa Februari 1985, kwetu Prosek, katikati ya nchi ya mahindi ya Marekani. Baridi ya kupasua midomo. Shamba lilikuwa la Verlyn Havlicek, mwimbaji wa bendi yetu ya roki. Benki ilikuwa inaliuza mbele ya macho yake.

Mimi nilipiga gita la besi. Mchana nilikuwa kibarua kwenye maghala ya nafaka, jioni nilikuwa darasani, na sioni haya kusema kwamba mpango wa kumzima dalali kwa magita ulitoka kichwani mwangu.

Amri ya mahakama ilitaka mnada utangazwe na dalali mwenye leseni, kwa sauti, hadharani, siku hiyo, kabla jua halijazama. La sivyo, benki inaanza upya. Na bungeni kulikuwa na mswada wetu wa kusimamisha minada ya mashamba. Tuliupigania majira yote ya baridi, bendi ikitumbuiza kila ukumbi uliokubali kutupokea. Ulihitaji wiki chache tu.

Verlyn hakuwa na wiki chache.

Asubuhi ile mkewe, Arlys, alinivuta jikoni, akanipa bunduki iliyoviringishwa kwenye blanketi.

"Shemeji Lumir, usimrudishie hata akilia. Jana nimemkuta nayo zizini. Kakaa tu."

Nikaifungia kwenye gari langu.

Tukapanda juu ya tela la nyasi, nje ya uzio. Jenereta ikaendeshwa kwa trekta. Mama mmoja wa kanisa, aliyekuwa akiuza kahawa, akajiziba masikio kwa pamba, kisha akatuonyesha dole gumba.

Akatokea Kanali Orval. Kwetu kila dalali huitwa Kanali, hata kama jeshi amelisikia redioni tu. Mzee wa kofia nyeupe, mwenye sauti ya kuvuka mto.

"Wimbo huu ni wako, Kanali!" Verlyn akanguruma kwenye maikrofoni. "Kibaraka wa benki!"

Tukapiga.

Tulipiga mpaka vidole vikafa ganzi. Verlyn aliimba huku analia, machozi yakiganda kwenye masharubu. Kanali akapanua mdomo. Tukaongeza sauti. Akapanua zaidi.

"Mcheki," mpiga ngoma wetu akacheka, "kama samaki nchi kavu!"

Mkuu wa polisi uvumilivu ukamwishia. Akaja mbio, akarukia trekta.

"Inatosha, washenzi nyie!"

Akazima.

Kimya.

Jua lilikuwa bado juu ya miti. Verlyn alipiga magoti juu ya tela.

"Lumir, kaka. Nipe bunduki yangu."

Nilishindwa kumtazama usoni. Nikageukia uwanjani.

Kanali Orval alikuwa bado anauza. Mkono unapunga, kidole kinanyooka, mdomo unakwenda mbio.

Na hakuna sauti. Hata mnong'ono.

"Kanali!" mkuu wa polisi akapayuka. "Ongea, mzee!"

Kanali akashika koo, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

Mtu wa benki akatukana, akatafuta dalali mwingine kwa simu. Hakupatikana. Jua likazama.

Nilimfuata mzee kwenye gari lake. Siti ya nyuma kulikuwa na kipaza sauti kipya, kikubwa kuliko vyetu vyote. Hakikuwa kimetolewa hata kwenye boksi.

"Funga mlango, kijana, baridi inaingia," akasema. Sauti safi kama kengele.

Nikaduwaa. "Kanali! Kumbe unaweza kusema?"

"Mwaka jana niliuza shamba la mdogo wangu. Siku ile sauti yangu ilikuwa nzuri mno." Akawasha gari. "Wiki iliyofuata tukamzika."

Mswada ulipita kwa taabu. Verlyn alibaki na nusu ya shamba, na akabaki hai. Kanali hakupewa tena kazi na benki yoyote.

Hakuwahi kutudai shukrani, na wimbo ule wa kibaraka hatukuupiga tena.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi niliyejiona msomi siku ile nawaambia: ukimwona mtu amesimama upande wa adui, usiharakishe kumwimbia matusi. Zima magita kwanza, umsikilize.

Huenda amenyamaza kwa ajili yako.