Divai Iliyonywewa kwa Mrija

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimelala chini ya lori langu mwenyewe katika njia ya Ikoma huku simba wakinusa matairi, na kulipokucha nikaliwasha nikaenda zangu. Niliwahi kuuziwa injini ya mashine ya kusaga ambayo ndani haikuwa na pistoni. Injini hiyohiyo inasaga hadi leo pale Mugumu, na yule aliyeniuzia analeta mahindi yake kwangu na kupanga foleni kama wengine. Kwa hiyo mtu akija kuniambia kuna jambo jipya duniani, humwambia akae chini nimsimulie mimi.

Lakini mwaka jana nilialikwa harusini Mwanza, na mhudumu akafungua chupa ya divai nyekundu ya Dodoma karibu na pua yangu. Nikashindwa kuongea. Mke wangu alidhani presha imenipanda. Haikuwa presha, ilikuwa ni harufu tu: zabibu iliyochachuka, tamu na kali kwa pamoja, na nyuma yake kitu kama udongo uliolowa. Wasomi tuliokuwa nao mezani wakaanza kunifundisha kwamba divai hunuswa kwanza, kwamba nyekundu ni ya nyama na nyeupe ni ya samaki. Niliwaacha wafundishe. Mimi divai nimeipika nikiwa sijaota hata ndevu, tena nimeipika kijijini kwetu Susuni, mahali ambapo mzabibu haujawahi kuota. Kama una nafasi, nikueleze ilivyokuwa.

Ilikuwa katika ile miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Dada yangu Bhoke alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja aliyeitwa Chacha, dresa wa zahanati, mtu wa Mbalibali. Chacha alikuwa mpole, ana kaptula iliyopigwa pasi, na mikono yake ilinuka dawa ya kusafishia vidonda. Bhoke alimpenda mpaka alikuwa akijikwaa njia nyeupe. Lakini kulikuwa na mzee mwingine, mwenye wake watatu na zizi kubwa, ambaye naye alimtaka Bhoke. Baba yetu, ambaye kwa Kikurya tulimwita Tata, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema ng'ombe wa Chacha wakifika kabla ya kupanda ulezi, Bhoke ni wa Chacha. Wasipofika, ataolewa na yule mzee, na hataki kusikia kilio nyumbani kwake.

Ng'ombe walikuwepo. Tatizo lilikuwa watu wawili wenye vichwa vigumu.

Wa kwanza alikuwa katekista wetu. Tulimwita Mwalimu. Alikuwa mfupi, ana baiskeli na sauti kubwa kuliko mwili wake. Mwaka uliotangulia palikuwa na harusi ya Kikristo ambapo watu walikunywa wakapigana kwa marungu mpaka bwana harusi akashonwa sikio. Tangu siku hiyo Mwalimu alitangaza kwamba nyumba ya harusi ikionekana na chungu cha pombe, Padri hatafungisha ndoa. Na Bhoke alikuwa ameapa hataolewa nje ya kanisa.

Wa pili alikuwa Mzee Nyamhanga, baba mkubwa wa Chacha, ambaye ndiye aliyeshika zizi la ukoo wao. Huyu alisema hajawahi kuona ng'ombe wa mahari wakitoka zizini kabla ya wazee wa pande mbili kukaa kwenye chungu kimoja cha amarwa. Amarwa ndiyo pombe yetu ya ulezi. Inawekwa katikati, ikiwa ya moto, na wazee wanaizunguka kwa kufuata marika yao, kila mmoja na mrija wake mrefu wa tete, wananyonya polepole na kuongea. Mzee Nyamhanga alituma ujumbe: "Nikishika mrija pamoja na baba wa msichana, hapo nimekubali. Nisiposhika, hata mkiniletea mapadri kumi sijakubali kitu."

Kwa hiyo ukiweka chungu, hakuna kanisa. Usipoweka, hakuna ng'ombe. Bhoke alikuwa anasaga ulezi kwenye jiwe huku machozi yanadondokea unga, na Bibi Robi, mama yake Tata, anamwambia asogee pembeni kwa sababu unga wenye chumvi hautengenezi kitu.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, nasubiri kwenda la tano shule ya kati. Akili yangu wakati ule ilikuwa inakata kama panga jipya, na sijui kama imepungua. Nilimkuta Mwalimu nje ya kanisa anaziba pancha ya baiskeli.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mura," alijibu; mura ndivyo sisi Wakurya tunavyomwita mwanamume.

"Mwalimu, kwenye ile harusi ya Kana walikunywa nini?"

"Divai."

"Na Bwana Yesu alikuwepo?"

"Si ndiye aliyeitengeneza. Wewe kwenye mafundisho huwa unalala?"

"Kwa hiyo divai kwenye harusi haikatazwi."

Aliacha pancha akaniangalia. Kisha akacheka mpaka baiskeli ikaanguka. "Mura, ilete divai hapa Susuni, mimi mwenyewe nitashika kikombe." Alicheka kwa sababu divai yote ya nchi ile ilikuwa chupa moja tu, na ilifungiwa kabatini kwa Padri.

Nilimwomba anieleze inavyotengenezwa, na kwa kuwa alipenda sana kueleza, akaeleza. Alisema aliyeanza ni Nuhu. Aliposhuka kwenye safina alipanda shamba la mizabibu, akanywa, akalala uchi hemani, wanawe wakapata shida ya kumfunika. Alisema Ulaya kuna watu wanaingia ndani ya pipa kubwa bila viatu wanazikanyaga zabibu, huku wanaimba. Maji yake huachwa yachemke yenyewe bila moto, kisha huwekwa gizani miaka na miaka, na ikizidi kukaa ndivyo inavyozidi kuwa na bei. Niliuliza wanatia kimea cha nini. Akasema hawatii kimea, zabibu inajichachua yenyewe.

Nilikwenda mbio kumwambia Bibi Robi. Bibi ndiye aliyekuwa mpishi wa amarwa kwa ukoo wetu wote, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kiko. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wanakanyaga kwa miguu," alisema.

"Ndiyo Bibi."

"Halafu wanakunywa."

"Ndiyo."

"Na hawa ndio wanaokuja kutufundisha kunawa." Akavuta kiko. "Na kitu kikichachuka chenyewe, mimi huwa namwaga. Hiyo zabibu iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoonyesha mimi ni nani. Nilijua kwamba duka la Mhindi pale Tarime linauza zabibu kavu za pilau. Nilikuwa nimeziona kwenye kasha, nyeusi, zimekunjamana kama uso wa mzee. Bibi aliniambia ujanani aliwahi kukaa kwa Waikoma na kuona wakitengeneza pombe ya asali, na kwamba kitu chochote kitamu hakiwezi kumshinda. Ilibaki pesa. Pesa pekee iliyokuwepo nyumbani ilikuwa ada yangu ya darasa la tano, ambayo Bibi alinitunzia, imefungwa kwenye pindo la nguo yake.

Alifungua fundo akaniwekea mkononi. "Hii ni ya kusoma kwako," alisema. "Mimi siitoi. Ukiitoa, umeitoa wewe."

Niliangalia upande wa jiwe la kusagia. Bhoke hakuwa amesikia kitu, alikuwa anapangusa unga. Nikaondoka kwenda Tarime. Mwalimu mkuu wa shule, nilijiambia, atanisubiri.

Mhindi alipima kasha zima, akaniuliza hiyo ni pilau ya watu wangapi. Nikamwambia si pilau, ni divai. Akaniangalia, akaangalia miguu yangu yenye vumbi, akaniongezea konzi moja. Nilirudi na mzigo kichwani huku nyuki wananifuata tangu mtoni.

Kuzikanyaga Bibi alikataa. "Kwa miguu ya nani? Hii yako inayoshinda kwenye mavi ya ng'ombe?" Tulizitwanga kwenye kinu mpaka zikawa kama lami. Akazichemsha, akaziacha zipoe, na nilipogeuka nikamwona anamimina kimea cha ulezi, tena si kidogo.

"Bibi, Mwalimu alisema haitiwi kimea."

"Mwalimu wako anajua kusoma. Kaa pembeni."

Chungu kikaanza kuongea usiku na mchana, pu pu pu, kama mtu anayenung'unika ndani ya blanketi. Harufu ikajaa nyumba yote. Mwanzoni ilikuwa harufu ya pilau, kisha ya uji uliolala, na mwisho ikawa ile niliyokutana nayo Mwanza. Majirani walipita kuomba moto hata wale waliokuwa na moto kwao. Mimi niliwaambia wote ni divai, na kwamba mpishi ni mimi.

Siku ya wazee ikafika. Watu wa Mbalibali walikuwa wametembea njia ndefu, wamekaa kivulini na mafimbo yao, Mzee Nyamhanga katikati, jicho moja limefumba kwa ugonjwa wa zamani na lile lingine linaangalia kwa niaba ya yote mawili. Mwalimu naye alikuja kukagua. Alisimama na baiskeli yake, hakukaa. Bhoke alikuwa nyuma ya nyumba, na nilijua yuko hapo kwa sababu kuku wote walikuwa wameukimbia upande ule.

Chungu kikaletwa. Bibi akaja na maji ya moto, akayamimina ndani.

Nilitaka kulia. "Bibi, divai hainywewi moto."

"Wageni wametembea kutoka Mbalibali, mimi niwape kitu cha baridi? Hao ni ng'ombe?"

Kisha akagawa mirija. Mzee Nyamhanga akaushika wa kwake, akavuta. Mashavu yakaingia ndani. Akavuta tena. Hakuna kitu. Mbegu za zabibu zilikuwa zimeziba kile kichujio cha majani kilicho chini ya mrija.

Alimgeukia Tata. "Mura wangu, nyumba hii hata chungu mmekifunga kwa kufuli?"

Mzee mmoja wa kwao akasema, "Labda wanangoja ng'ombe kwanza."

Watu wakacheka, lakini Tata hakucheka. Bibi aliuchukua mrija ule, akaupuliza kwa nguvu mpaka mbegu zikaruka na moja ikampiga mzee wa pili kifuani, akaurudisha. Nyamhanga akavuta tena, na safari hii koo likapanda na kushuka. Akafumba lile jicho lililobaki.

Mwalimu akaomba kikombe. Akachotewa. Alinusa muda mrefu, kama wale wasomi wa Mwanza. Akanywa kidogo, akatafuna kitu, akatema mbegu moja kiganjani na kuiangalia. Nilijua akisema neno moja tu, pombe, Bhoke atakwenda kuwa mke wa nne.

"Hii ni ya zabibu," alisema.

"Ya zabibu," Tata alijibu.

"Basi ni divai. Nitamwambia Padri hakukuwa na pombe."

Akanyoosha kikombe aongezewe. Tata akamuuliza Mzee Nyamhanga anasemaje yeye. Mzee akasema, "Jina lake silijui, hilo ni la watu wa kanisa. Mrija nimeushika." Akavuta tena, na Tata akashika wa kwake. Ng'ombe walifika kabla ya wiki kwisha, na Bhoke akafunga ndoa kanisani na Chacha wake. Ana wajukuu sasa, na bado hutembea nyuma ya mzee yule mpole akimrekebishia kola ya shati.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba niliwadanganya wanaume wawili wagumu nikiwa mtoto. Niliwasimulia madereva wenzangu, niliwasimulia maaskari wa barabarani. Mpaka nilipokaa mwenyewe kwenye mahari ya binti yangu, mimi nikiwa mzee wa jicho kali, ndipo nilipoanza kuona vizuri. Mtu mzima akishatamka neno mbele za watu hawezi kulimeza. Anabaki amesimama nalo, anachoka, anaomba moyoni atokee mtu wa kumpa mahali pa kupitia. Mwalimu alizaliwa kwenye nyumba ya ulezi kama sisi. Mama yake alipika amarwa maisha yake yote, na harufu ya kimea angeitambua akiwa usingizini. Nyamhanga naye alijua ameonja kitu kitamu ambacho hakitoki kwenye ulezi. Na Bibi Robi, niliyemwona siku ile kama bibi kizee asiyesikia maelekezo, aliweka zabibu kwa ajili ya mmoja na kimea kwa ajili ya mwingine, na maji ya moto juu yake ili kila mmoja akute cha kwake. Mimi nilileta zabibu tu. Ni kazi kubwa, siipunguzi, lakini divai ile ilipikwa na yeye.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu mkuu hakusubiri. Alinirudisha kutoka mlangoni, kwa adabu. Ng'ombe wa Bhoke hawakuuzwa, maana ng'ombe wa dada ni wa kumwolea kaka, na walipita zizini kwetu wakielekea kwa mchumba wa kaka yangu mkubwa kabla hawajazoea hata majani yetu. Nilichunga mwaka mmoja, nikawa utingo, nikawa dereva, na mengine unayaona barabarani yameandikwa jina langu. Watu huniuliza ilikuwaje mtu mwenye akili kama yangu akaishia darasa la nne. Wengine wanadhani nilifeli. Sikufeli mtihani wowote. Darasa la tano, na la sita, na yote ambayo yangefuata, niliyabeba kichwani kutoka dukani kwa Mhindi siku ile, na yalikuwa na bei yake: shilingi ishirini na mbili na senti hamsini.