Majani Mabichi Ndani ya Kitunga

Asifiwe Mungu, aliyenizeesha na bado akaniachia pua inayofanya kazi. Juzi mjukuu wangu alifungua katoni ya samaki wa moshi hapa Mangobo, na harufu ile ikanivusha mto hadi Lubunga, nilikokuwa msichana wa miaka kama tisa.

Mama yangu alikuwa mkubwa wa wapakiaji. Wanawake sita walipanga samaki wakavu katika vitunga vya kwenda Kinshasa kwa bateau, meli ya mtoni, naye alikagua kila kitunga kabla hakijashonwa kwa kamba. Ndani tulitandika majani yaliyokaushwa juu ya moto, kwa sababu safari ya mto ni ndefu na unyevu kidogo tu huotesha ukungu. "Kitunga ni bubu," mama alizoea kusema, "lakini huko kinakofunguliwa kinasema yote."

Siku hiyo majani makavu yaliisha, nami nilitaka kuwahi mazoezi ya kwaya. Nikachukua majani mabichi ya kufungia kwanga, ule mkate wa muhogo, nikayatandika chini ya vitunga viwili. Mama alivitazama juu juu tu, maana aliyepakia alikuwa binti yake. Vikashonwa, vikachanganywa na vingine.

Kwaya sikwenda. Miguu haikutulia. Nilishuka mtoni nikarudi, nikakaa, nikasimama, nikazunguka vile vitunga nisijue vyangu ni vipi. Bateau ilipopiga honi ya kwanza, nilimshika mama kitenge nikamwambia.

Hakunipiga. "Fungueni vyote!" aliwaamuru wenzake.

Tonton Alphonse, mwenye samaki, alikuja mbio. "Mama Béatrice, uko na kichwa kweli? Bateau iko naenda!"

"Iende. Samaki ya kuoza haitatembea na jina yangu."

"Tonton, ushike bateau na mukono, ingojee," mwanamke mmoja akamtania. Tonton hakucheka, akamgeukia mama.

"Bon. Nani alifanya hii bêtise, hii ujinga?"

Nilifungua kinywa. Mama akanikanyaga mguu. "Ni miye," akasema.

Bateau iliondoka bila sisi. Tonton akampa mwanamke mwingine usimamizi, na msimu mzima mama alipakia chini yake bila kunung'unika. Mimi nililemewa na jambo jingine: mama, aliyenifundisha amri za Mungu, alikuwa amesema uongo mbele ya watu. Kanisani nilimwombea msamaha kwa siri.

Miaka ikapita, nikawekwa mimi kusimamia wapakiaji wa sabuni. Asubuhi moja msichana alifunga katoni vibaya, zikapasuka zikipakiwa kwenye lori, na mkubwa wetu akauliza ni nani. Nikajisikia nikijibu, "Ni mimi," na dhamiri yangu haikunishtaki hata kidogo. Ndipo nilipoelewa. Mama hakudanganya. Mikono ilikuwa yangu, lakini kukagua kulikuwa kazi yake.

Wewe unayesoma, Mungu akupe mtu wa kusimama mbele yako siku utakapokosa, na akutie nguvu ya kusimama mbele ya mwenzako.