Maandamano Yaliyosimama Kila Mlango

Mama yangu anaanika dagaa Ujiji tangu kabla sijazaliwa, na hajatokea mtu wa kumshauri apumzike akamaliza anachosema. Magoti yamemchakaa. Akikaa, kuinuka ni shughuli. Akishainuka, humwoni akikaa tena mpaka jua litue. Asubuhi mitumbwi ikirudi, yeye na wenzake hununua mzigo palepale majini, wakajitwika mabeseni na kupanda kichochoro kifupi hadi kwenye uwanja wa kuanikia. Dagaa hawana subira. Wakichelewa kutandazwa wanalegea, na dagaa aliyelegea hata paka wa Ujiji humnusa akaenda zake.

Akaja mkandarasi kujenga ghala. Akazungusha uzio wa mabati, na kichochoro kikabaki ndani. Iliyobaki ni njia ya kuzunguka: unavuka mfereji, unapanda mawe, unateremka, unapanda tena. Wasichana walifika juu wanahema. Mama alifika na dagaa waliolegea. Jioni moja nikamkuta anagawa mabeseni yake kwa majirani, eti yanamjazia nyumba bure. Nilijua maana yake, na nililia njia nzima nikirudi kwangu Rusimbi.

Tulichotaka kilikuwa kitu kimoja tu, kilango kwenye ule uzio. Tulikwenda langoni kwa mkandarasi kukiomba tukaambiwa tusubiri, tukasubiri. Mimi nina saluni, na hasira zangu zinajulikana mpaka Mwandiga. Nikakusanya waanikaji, wapwa zao, wateja wangu wawili watatu waliokuwa na nywele nusu zimesukwa, nikasema tunaandamana.

Taarifa tulitoa polisi kama inavyotakiwa, tukapewa askari wawili wa kutuongoza. Nilikodi kipaza sauti. Tukaandika mabango kwa rangi nyekundu, na moja niliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MKANDARASI UTATUTAMBUA. Vijana wa bodaboda walitangulia wakipiga honi. Tulishuka kutoka sokoni kuelekea ziwani kwa vishindo, na mimi nilijiona jemadari.

Wauza nyanya walifunika nyanya zao. Fundi cherehani aliingiza vyerehani ndani akafunga mlango. Wazazi waliwavuta watoto. Tulifika kwenye uzio walewale tuliotoka sokoni, tukayafokea mabati mpaka sauti zikakauka, na hakuna aliyetoka. Kesho yake mteja mmoja saluni akaniuliza, bila ubaya wowote, "Hivi jana mlikuwa mnagombana na nani?"

Mama hakuandamana siku ile. Alikuwa amekaa barazani kwa mama mkwe wangu, akatuona tunapita.

"Umepita pale mbele ya mkweo," akaniambia, "ukamfokea kwa lile likopo."

"Sikumfokea, mama. Nilikuwa natangaza."

"Ulimsalimia?"

Nikainama kufungua kamba za viatu.

"Basi ulimfokea." Akasugua goti lake. "Mkienda tena nitakuja. Lakini mimi siwezi kumpita mtu mlangoni kwake kama mbuzi."

Mara ya pili hatukubeba mabango. Kila mwanamke alijitwika beseni lake, tupu, na ubavuni tumeandika kwa rangi nyeupe: TUNAOMBA KILANGO. Mama aliazima beseni lake mwenyewe kwa jirani aliyempa. Askari walikuwa walewale. Kipaza sauti nilikibeba begani, kimezimwa kwa amri ya mama.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa fundi cherehani. Alipotuona akaanza kukunja vitambaa. Mama akatua beseni, akapinda goti kadiri lilivyokubali, akapiga makofi taratibu. "Mwakeye."

Nani ataikimbia salamu ya asubuhi ya kwao? Fundi akaitikia, akapiga makofi naye. Mama akauliza hali ya nyumbani. Akauliza mke, watoto, mzee aliyelazwa, na mbuzi ambaye, sijui alijuaje, alikuwa na mimba. Kwetu salamu si neno unalorusha huku unatembea, ni ziara kamili. Yalipokwisha yote, fundi ndipo akauliza, "Sasa mnakwenda wapi na mabeseni matupu?" Mama akamweleza habari ya kichochoro. Fundi akasikitika, tukaaga.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Fundi aliinuka kutusindikiza. Mgeni kwetu haachwi mlangoni. Hata kama ugali uko motoni, utatoka naye hatua kidogo, vinginevyo utasemwa. Fundi alikusudia kutufikisha kwenye duka la jirani tu, arudi kwenye suruali aliyokuwa akiishona. Lakini dukani mama akaanza upya, makofi, goti, mwakeye, na mtu hawezi kuondoka salamu zikiwa katikati. Akabaki, akasalimia naye. Mwenye duka alipoinuka kutusindikiza, fundi akaona aibu kurudi wakati mwenzake ndiyo kwanza anatoka. Mlango wa tatu tukawa na fundi, mwenye duka, na mteja wa dukani aliyekuwa bado ameshika sabuni yake.

Mimi nilikuwa naungua ndani. Jua linapanda, nasi hatujamaliza hata mtaa. Askari mmojawapo naye akashindwa kuvumilia.

"Mama, kwa mwendo huu tutafika kesho."

"Mwanangu, kwenu wapi?" mama akamuuliza.

"Simbo."

"Mama yako hajambo? Maharage mwaka huu yamekubali?"

Kijana wa watu akasimama kueleza maharage ya mama yake, aina mojamoja, na alipomaliza nikaona amejitwika lile beseni. Kuanzia hapo beseni la mama lilibebwa na serikali.

Karibu na kona palikuwa na mwanamke muuza ndizi ambaye siku ya maandamano ya kwanza alibeba mikungu yake akakimbia mpaka ikamponyoka. Alitoka Burundi akiwa mtoto mdogo, na kelele za kundi barabarani yeye anazijua kwa namna nyingine. Sasa alituangalia tunavyokaribia, mkono uko tayari kwenye mkungu. Mama akamwendea peke yake, akamsalimia kwa Kirundi, "Amahoro," yaani amani. Yule mwanamke akaitikia, akaangalia msururu wa watu nyuma ya mama, fundi ana futi ya kupimia shingoni, mtu ana sabuni, askari ana beseni kichwani, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatugawia ndizi na kuungana nasi. Sijui hata nilipoanza kucheka mimi, ila nakumbuka kwamba kwa mama mkwe nilipiga magoti yote mawili, nikasalimia mpaka akaniambia inatosha.

Tulipofika nusu ya njia, "mwakeye" ilikuwa imeshageuka "mwidiwe," maana asubuhi ilikuwa imekwisha. Akina mama waliokuwa nyuma wakaanza kuimba nyimbo za arusi, na waliokuwa ndani wakatoka kuuliza bibi arusi ni nani. Kila aliyeuliza alijibiwa na mtu ambaye asubuhi hakujua lolote. Nilimsikia fundi akimweleza mtu habari za dagaa kulegea utadhani ameanika maisha yake yote.

Pale kwenye uzio walikuwa wametusubiri tangu asubuhi. Walinzi waliopangwa langoni na virungu walikuwa wamechoka kusimama, sasa wamekaa chini wanakula mihogo. Msimamizi wa ujenzi, kijana mgeni kutoka mbali, akatoka mwenyewe. Nilitegemea atatukaripia.

"Mbona mmechelewa hivyo?" akasema.

Kisha akamwona mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Za kazi?" Na mama, mbele ya umati ule wote, akaanza. Kazi, kwao, mke, mtoto. Alipouliza habari za mama yake, kijana akakiri kwamba ana siku nyingi hajampigia simu. "Mpigie," mama akasema. Halafu, bila kutaja kilango wala kichochoro, akaaga. "Haya, tumeshakuona. Sisi tunaondoka."

Nilitaka kukiwasha kipaza sauti. Kutwa nzima juani, halafu tunaaga? Lakini mama alikuwa amekwisha kuchukua beseni lake kwa askari na kumpa yule kijana.

"Tusindikize basi."

"Mpaka wapi, mama?"

"Hapo tu, tunapoanika."

Angekataaje? Lango lake lilikuwa upande wa ziwa, na kwenda uwanjani hakukuwa na njia nyingine. Akajitwika beseni, mama akashika mkono wake, wakaanza kuzunguka. Walivuka mfereji. Walipanda mawe, mama akisimama kila mara kushika goti, kijana akisimama naye kwa sababu mkono wake umeshikwa. Sisi tulifuata mmojammoja, maana njia ile haipitishi wawili, na hapakuwa na kelele. Walipofika juu viatu vya kijana vilikuwa tope tupu na shati limemganda mgongoni. Akageuka kutazama alikotoka. Ng'ambo ya mabati, karibu kabisa, tulisikia walinzi wakibishana juu ya mihogo.

"Kumbe ni hapo tu," akasema.

"Ndiyo, baba," mama akajibu. "Ilikuwa hapo tu."

Juma lile lile walikata mabati mawili, moja chini na moja juu ya kichochoro, wakatia vilango vya bawaba. Asubuhi ya kwanza nilikwenda na mama, beseni lake limejaa, dagaa wanang'aa bado na maji ya ziwa. Nilikuwa nimejiandaa kupiga vigelegele na kukisukuma kilango cha chini kwa mguu. Mama akasimama mbele yake. Njia ile ameipita tangu usichana wake, mtoto tumboni na mtoto mgongoni, na sasa akagonga bati kwa kidole.

"Hodi."

"Karibu, mama, pita," sauti ya kijana ikaitikia kutoka ndani, na akatoka kumsindikiza. Nilibaki nyuma yao nikimwangalia mama anavyopanda kile kichochoro polepole, bila kusimama.

Dagaa walikauka vizuri siku ile. Jioni akanituma kwa majirani nikamchukulie mabeseni yake. Nilikwenda nyumba baada ya nyumba, nikasalimia kama nilivyofunzwa, na kila nilipokabidhiwa beseni, mwenye nyumba alitoka kunisindikiza.