Watu Mia na Kumi na Mbili Walioitwa Gunia

Saa mbili asubuhi, ghorofani juu ya duka la mabati, mwanamke wa miaka arobaini na sita anamkabidhi kijana mwenye diploma ufagio mfupi wa njiti.

"Inama," anamwambia. "Fagia."

Kijana anafagia, lakini amesimama nusu. Wafanyakazi wapya wenzake watano wanacheka. Mwanamke hacheki.

"Wewe unaisalimia sakafu. Nimesema fagia. Mgongo chini."

Kijana anainama mpaka kichwa kinapotelea mbele ya magoti. Mwanamke anampiga picha kwa nyuma, kisha anawaonyesha wote simu. Kichwa hakionekani, mikono haionekani. Kuna mgongo na shati, basi.

"Huyu ni nini?"

"Ni mimi, mama," kijana anajibu, akijinyoosha huku ameshika kiuno.

"Shika hilo hilo. Leo utaona picha mia nne za namna hii, na kompyuta itakwambia siyo mtu."

Wafanyakazi wenzake wanamwita Mama Fagio. Kazi yake ni kuifundisha akili mnemba kutambua vitu barabarani. Picha huletwa na kampuni inayotengeneza breki za malori zinazojifunga zenyewe. Kompyuta hubahatisha kwanza: inachora kisanduku na kukipa jina. Mtu. Baiskeli. Mbuzi. Gunia. Mfanyakazi hukubali au husahihisha. Kukubali ni kubofya mara moja. Kusahihisha ni sekunde ishirini, na malipo ni kwa picha.

Jina hilo ndilo linaloamua. Lori likiona mtu, linasimama. Likiona gunia, linapunguza mwendo kidogo na kupita juu yake.

Kabla ya kazi hii, Mama Fagio alifagia barabara miaka kumi na moja, bega kwa bega na dada yake mkubwa, ambaye anafagia hadi leo. Goti lilipomkatalia, binti yake alimfundisha kompyuta mezani pa chakula. Akafanya usaili, akapata.

Hajifanyi malaika. Mwezi wa kwanza alikubali kila kitu kama wenzake.

"Nilibofya gunia, gunia, gunia. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na nilitaka kufikisha idadi. Hilo silifichi."

Kisha ikaja picha ya siku ya mvua. Wafagiaji wakinyeshewa huvaa gunia la plastiki lililotobolewa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono. Kompyuta ilikuwa imeandika "gunia", na kidole chake kilikuwa tayari kubofya. Ndipo akaona uzi wa buluu kwapani.

"Mshono ule ni wangu. Gunia la dada lilichanika, nikalishona kwa uzi wa sare ya mwanangu. Kwenye picha nyuso zote hufichwa, lakini mshono haukufichwa. Nilikuwa naliambia lori lipite juu ya dada yangu."

Tangu siku hiyo aliacha kukubali bila kuangalia. Idadi yake ikashuka kutoka picha mia tano kwa siku hadi mia tatu na kumi. Wiki ya tatu akapewa barua ya onyo, na mwisho wa mwezi malipo yakapungua kwa zaidi ya theluthi. Akaenda kwa msimamizi, kijana ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wa kwao.

"Mama, mteja hataki hadithi," msimamizi alimwambia. "Anataka idadi."

"Basi mpe idadi. Watu mia na kumi na mbili wameitwa gunia. Namba za picha hizi hapa." Akamwekea daftari mezani.

Msimamizi mwenyewe hakatai. "Nilizituma ili tu anyamaze," anasema. "Halafu nikazifungua. Ya tatu tu, chai ikanishinda."

Jibu la mteja lilikuja baada ya siku tisa. Kompyuta ikazuiwa kubahatisha chochote kilichoinama au kulala, na picha elfu sita zikarudishwa zipitiwe upya. Chumba kizima kilinuna.

"Mmoja aliniuliza, dada, huyo ndugu yako hana koti la mvua? Nikamwambia, mnunulie."

Barua ya onyo ilifutwa. Malipo ya mwezi ule hayakurudi, naye hukumbusha kila mwisho wa mwezi. Alichopata ni kingine: sasa picha moja iliyosahihishwa huhesabiwa kama mbili. Alidai tatu.

"Usimwambie mtu awe mwadilifu halafu umkate mshahara kwa uadilifu wake," anasema. "Watu wakisikia maadili ya akili mnemba wanawaza mkutano wa hotelini na chupa za maji. Maadili ni huyu aliyekaa kwenye kiti hiki, anaamua aangalie au abofye. Mashine haina aibu. Aibu lazima iwe yangu."

Wiki ijayo lori litajaribiwa ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio, maji yakinyunyizwa kama mvua. Mbele yake patakuwa na sanamu ya mtu iliyoinamishwa. Mteja alitaka kuivalisha jaketi jipya linalong'aa. Mama Fagio akakataa.

"Mwenye jaketi lile hata mwenye mtoto wa jicho atamwona. Mvalisheni kama tunavyovaa."

Ameruhusiwa kuwepo na kuikunja sanamu mwenyewe, kwa sababu, anasema, wao hawajui mgongo unafika wapi. Lori likifaulu, mpango wake ni kwenda na daftari lilelile kwa wachuuzi wanaochuchumaa kando ya barabara na mafundi wanaolala chini ya magari. Nao ameshawaona kwenye picha, wakiitwa majina ya vitu.

Jumapili alimfuata dada yake jikoni kuazima gunia. Dada alilitoa msumarini, likiwa bado na unyevu, akalikunja mara nne.

"Hilo lori litasimama?"

"Litasimama."

"Basi unirudishie siku hiyo hiyo. Mvua haijui mambo yenu ya majaribio."