Soksi Nyeusi ya Aaltje

Wanawake wa Delft, mji wa Uholanzi, husugua hata kizingiti cha mlango, na Aaltje Pronk alisugua kuwashinda wote. Ndiyo maana jambo hili lilimwelemea.

Alikuwa mjane, mtumishi wa Joost Verhagen muuza vitambaa, na mama yake mgonjwa alihifadhiwa chumba cha juu nyumbani humo. Bwana Joost alikuwa na kioo cha kukuzia, kidogo kama punje ya dengu, alichokisaga mwenyewe. Mwanzo alikagulia nyuzi za vitambaa, kisha akanogewa: mabawa ya nzi, ukungu wa mkate, kila kilicho kidogo. Sasa ilikuwa zamu ya chawa.

"Watu husema chawa huzaliwa na jasho na uchafu," alisema. "Mimi nasema wana mama. Lakini ngozi yangu hawaitaki, wamenifia. Wewe una damu nzuri, Aaltje."

"Bwana, tangu nizaliwe sijalala na chawa."

"Nani atajua? Ila usimwambie mtu. Mji ukisikia nafuga chawa dukani, nani atanunua kitambaa? Tutakula wapi, mimi, wewe na mama yako?"

Basi majike mawili yakatiwa ndani ya soksi nyeusi, mguu wa kushoto, naye Aaltje akaishona mdomo mwenyewe chini ya goti, wasitoke. Aliahidi kutoifungua mpaka mayai yaanguliwe, na ahadi ni deni.

Jumapili ya Chakula cha Bwana ikamkuta nayo. Kanisani baridi iliuma. Jirani yake Neeltje, mwenye moyo mwema na mdomo usiotulia, akamsukumia kisanduku chake cha makaa ya kuotea miguu.

"Tia chini ya sketi, mwenzangu. Unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa."

Kukataa kungekuwa matusi. Joto likapanda, na mle ndani ya soksi wakaamka.

"Mbona wajinyonganyonga?" Neeltje akanong'ona. "Mahubiri yanakuchoma?"

"Yananichoma, dada."

Watu wakaitwa mezani. Asipokwenda, wazee wa kanisa wangekuja nyumbani kuuliza ana dhambi gani, naye kusema uongo hajui. Akienda, anampelekea Mungu uchafu mezani pake. Akainuka. Akaketi kati ya kofia nyeupe zilizopigwa pasi, mikono kaifumba isije ikashuka yenyewe. Mkate ulipomfikia aliomba kimoyomoyo: Ee Mungu, hawa nao umewaumba wewe, na wawaona bila kioo. Nijalie nisijikune.

Hakujikuna.

Wiki iliyofuata Bwana Joost alikata uzi. Chawa wadogo walikuwa wametapakaa kama ufuta, naye akacheka kama mtoto aliyepewa kitumbua.

"Njoo uone. Jasho gani hili? Hawa wana mama."

Aaltje akaweka jicho kwenye kioo. Akaona kidude kinachopenyeza mwanga, na tumboni mwake kitu chekundu kikirukaruka.

"Kile chekundu ni nini, bwana?"

"Ni wewe, Aaltje."

"Nichemshe maji sasa, nioge?"

"Bado kidogo. Lazima tujue hawa watoto nao huanza kutaga lini." Akamtazama kwa upole kabisa. "Mguu wa kulia mzima?"

Juu, mama akakohoa. Aaltje akatazama mlango, akatazama dari. Kisha akaketi, akavua kiatu cha kulia, akatafuta sindano.