Mkono Begani Siku ya Kipaimara

Enzi zetu pale Kamina hakuna mtoto aliyekwenda kupokea kipaimara huku anacheka. Wenzangu mliosoma shule za mapadri, tusidanganyane: tuliogopa. Tuliogopa maswali ya katekisimu, tuliogopa ile fimbo ndefu ya askofu, na zaidi ya yote tuliogopa kofi. Wakubwa waliotutangulia walituapia kwamba askofu akishakupaka mafuta kwenye paji la uso anakuzaba kofi la shavu, na ukifumba macho Roho Mtakatifu anakupita anaenda kwa mwenzako. Kwa hiyo saa ya mapumziko, badala ya kuruka kamba, tulijipanga nyuma ya darasa tukazabana makofi kwa zamu ili tuzoee. Rafiki yangu Kabedi alikuwa na mkono mzito kama mwiko wa kusongea bukari. Nilirudi nyumbani shavu limevimba, mama akiniuliza nasema ni jino.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Kasongo, katekista wetu, mtu mwembamba mwenye koti moja la kahawia na kipande cha mpira wa baiskeli alichokiita Amri ya Kumi na Moja. Baada ya masomo tulibanana kwenye mabenchi, harufu ya vitumbula ikitujia kutoka ng'ambo ya barabara, matumbo yakinguruma, tukitaja vipaji vya Roho Mtakatifu. Mimi kila mara nilisahau kile cha mwisho, kumcha Mungu. Ajabu kweli, maana woga ndio uliokuwa umenijaa hadi kooni. Amri ya Kumi na Moja ilinikumbusha mara nyingi.

Halafu yakaja mazoezi ya kutembea. Mtoto mbele, msimamizi wake nyuma, mkono wa kulia wa msimamizi juu ya bega la mtoto. Sheria ilikuwa moja, na Mwalimu aliipigia kelele mpaka njiwa wakaruka kutoka darini.

"Angalia mbele! Mwenye ataangalia nyuma, atarudia nyuma mupaka ku nyumba yao! Na mutoto mwenye hana na marene, Monseniere hamupake mafuta. Atabakia ku benchi, bantu bote banamuangalia!"

Hapo ndipo hofu yangu ilipohama kutoka shavuni kwenda begani. Marene, yaani mama msimamizi, alipaswa kuwa Mkatoliki aliyekwisha kupata kipaimara, na mzazi hakuruhusiwa. Upande wa baba wote walikuwa Wametodisti, watu wa ofisi na kwaya, wananipenda sana lakini hawakuweza kusimama nyuma yangu. Upande wa mama alibaki Tantine Numbi peke yake, mdogo wake, aliyeolewa na mfanyakazi wa reli kule Luena. Jina lake likapelekwa parokiani. Angekuja kwa treni.

Nani kati yetu asiyezijua treni zetu? Siku moja kabla ya misa baba alipanda baiskeli kwenda stesheni, akarudi kofia ikiwa mkononi.

"Masini ya treni imekufia mu njia," alimwambia mama, bila kuniangalia.

"Itafika, mama," mama akanigeukia mimi. "Kama haifike leo, itafika kesho asubui." Lakini nilimwona akifunga kitenge na kutoka mbio, akibisha kwa kila mama Mkatoliki wa mtaa. Kila mmoja alikuwa na mtoto wake wa kumsimamia, na parokia yetu haikukubali mtu mmoja awe na wawili. Kuku wa sherehe alikuwa tayari amechinjwa.

Asubuhi nilivaa gauni jeupe na viatu vya kuazima, nikaingia kanisani. Wakati wa Injili sikusikia neno hata moja. Nilikuwa nasikiliza honi ya treni.

Foleni ikaanza kusogea. Mbele yangu Kabedi, mkono wa marene wake begani, umetulia. Bega langu lilikuwa tupu, na nawaambia, bega tupu lina baridi yake. Kila hatua nilijua naikaribia aibu. Baba alikuwa amekaa benchi la mwisho kati ya Wakatoliki, na mama karibu yake. Nilitamani kugeuka niwaone, lakini nani angethubutu? Nikaangalia mbele. Kabedi akapakwa mafuta, akapita. Nikabaki mimi na askofu.

Mkono ukatua begani kwangu. Ulikuwa mkavu, mgumu, na ulitetemeka sana hata mwanzo nilifikiri ni mimi. Nikasema moyoni, Tantine amefika.

Askofu akainua macho juu ya kichwa changu. "Marene ya huyu mutoto njo nani?"

"Njo minyi, Monseniere."

Sauti niliijua, ila sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo vile. Ilikuwa ya Mwalimu Kasongo. Alikuwa ameacha nafasi yake kando ya altare, yeye aliyetuchapa kwa kuhama mstari, bila kumwomba mtu ruhusa. Askofu alimtazama, akachovya kidole kwenye mafuta. Vidole vya Mwalimu vikanibana bega. Kisha kidole gumba chenye mafuta kikagusa paji la uso wangu, na lile kofi la kutisha likaja: vidole viwili shavuni, kama mtu anayekupangusa unga. Sikufumba macho. Nililia tu.

Nje, watu wakinywa munkoyo wa mahindi, nilimfuata. "Mwalimu, mukono yako ilikuwa inatetemeka. Weye pia unaogopaka?"

"Nyamaza. Enda ukule."

Tantine Numbi alifika sherehe imekwisha, na samaki wakavu na machozi. Tangu hapo Mwalimu alikula kwetu kila sikukuu, na baba yangu Mmetodisti alimwita ndugu. Niliendelea kumwogopa mpaka tulipomzika. Namkumbuka sana.

Watoto wa leo wanakuja mazoezini kwa pikipiki, nyaya masikioni, wanasoma katekisimu kwenye simu. Marene anachaguliwa kwa uwezo wa kununua keki. Katekista wao hana mpira, wanamwita kaka, na ninashukuru hawachapwi. Kofi hawajawahi kulisikia. Wanacheka kwenye foleni! Sijui kama tuliogopa bure sisi, au wao kuna kitu hawakioni.

Jumapili iliyopita nilimsimamia Ngoie, kitindamimba wa Kabedi. Foleni ikasogea. Askofu alipobakiza mtoto mmoja kutufikia, mkono wangu ulianza kutetemeka juu ya bega lile dogo, nikashindwa kuutuliza. Ngoie akageuka nyuma, palepale mbele ya altare, kitu ambacho sisi tusingethubutu.

"Tantine, mukono yako inatetemeka. Unaogopa nini?"

Nikampa jibu la Mwalimu.

"Nyamaza," nikamwambia. "Angalia mbele."